Kisu chenye Kiuno na Mbuzi wa Akika

Kisu changu kilikufa wiki ile ile mjukuu wangu alipozaliwa. Aliyekiua simtaji, kwa kuwa bado ni mzazi, amelala chumbani kwangu na tumbo amefungwa leso, na mzazi hasutwi. Nitasema tu kwamba alitaka kufungua kopo la maziwa. Akakitazama kisu kilichofuliwa kwa kipande cha msumeno, kilichonolewa miaka hadi kimebaki wembamba wa mwiba wa samaki, akasema moyoni mwake: hiki ndicho chombo cha kufungulia kopo. Kopo lilifunguka. Kwa upande wa kopo sina lalamiko.

Msishangae bibi mzima kulilia kisu. Mtaani kwetu hapa Malindi, mbuzi wa akika akishachinjwa na wanaume na kuchunwa, huletwa uani kwangu nimkate. Mbuzi wa akika si mbuzi wa harusi. Hapigwi panga. Mifupa yake haivunjwi, hufunguliwa kiungo kwa kiungo, ili mtoto akue na viungo vyake vizima, na watu wakishakula mifupa hukusanywa ikazikwa. Hiyo ni kazi ya kisu kidogo chenye makali, kijuacho njia. Nimewakatia watoto wa mtaa huu, na sasa wengine wana ndevu na hawanisalimii.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu wa mwisho, aliyeolewa Kilifi akarudi kwangu kuzaa, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza. Mtoto msichana, sauti ya mnadi samaki, na unyayo wa mguu wa kushoto umegeukia ndani kama unasikiliza siri ya mwenzake. Daktari alisema tusiogope, wapo wengi, wiki ijayo watamfunga plasta, watakuwa wakiibadilisha kila wiki, na mguu utanyooka. Nilimwamini. Sikusoma sana, lakini sijafika kudhani kuwa mfupa wa mbuzi hunyoosha mguu wa mtu. Hata hivyo nilipoushika ule mguu nilisema neno moja mbele ya binti yangu: katika akika ya mtoto huyu hapana mfupa utakaovunjika. Hata mmoja. Kisha nikakumbuka kwamba sina kisu.

Habari mbaya haikosi jirani. Jirani yangu wa ukuta mmoja ndiye apikaye pilau za harusi, na nyama huikata mwenyewe, kwa panga, juu ya kigogo. Pilau yake ni tamu, ila yataka meno ya kukopa, maana vipande vya mifupa hujaa kama mawe ya njia ya Ganda. Aliposikia habari za kopo akaja kunipa pole na panga mkononi.

"Shoga," akasema, "mambo ya mifupa ni sunna tu, si faradhi. Nitakukatia mimi, nusu saa tumemaliza."

"Najua," nikamjibu. "Na nusu saa nyingine kumtafutia mgeni jino."

"Basi utamkata kwa nini? Kwa kucha?"

Nilikuwa nimekwisha kununua kisu sokoni, chenye kipini chekundu na ua limechorwa. Nilikijaribu kwenye kuku, kikapinda. Kuku alikuwa kifaranga.

Ndipo akaingia mkwe wangu na taulo lake.

Mkwe wangu ni fundi wa majokofu kwenye mahoteli ya Watamu, kijana mwenye adabu, hanywi, havuti. Nikadhani tumepata mume asiye na ila. Ila yake ni visu vya kukunja. Huviagiza kwa simu, huvipaka mafuta, huvifunga kwa taulo, na jioni hukaa akivifungua na kuvifunga, ta, ta, ta, mpaka binti yangu huenda kulala.

Sasa, mimi na mkwe wangu hatusemezani. Si kwa ugomvi, ni kwa heshima. Yeye husema shikamoo, mimi husema marahaba, na baada ya hapo kila mmoja hutazama upande wake. Akitaka kuniambia jambo humwambia mkewe nami nikisikia. Nikitaka kumwambia jambo naliambia birika, au kuku, au ukuta, naye husikia vizuri sana. Mambo mengi ya nyumba hii yamekwenda hivyo, na hayajakwenda vibaya.

Akakaa sebuleni, binti yangu yuko chumbani nyuma ya pazia na mtoto kifuani, mimi nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Akalifungua taulo. Visu vitatu, kila kimoja kimekunjwa katikati.

"Mwambie mama," akamwambia mkewe, "hivi vyote vina chuma cha hali ya juu. Achague."

Nikaliambia birika: "Kisu chenye kiuno. Nimeishi nikaviona."

Akaeleza. Lo, alieleza. Kila chuma kina jina la herufi na nambari kama bamba la gari. Cha kwanza ni chuma cha kutengenezea mitambo, kigumu kupita vyote, makali yake hukaa mwezi. Cha pili ni laini kidogo, hakishiki kutu hata ukikizamisha baharini, na hunoleka upesi. Cha tatu ndicho kipenzi chake, nilijua kwa jinsi alivyokishika kwa vidole viwili.

"Hiki mama aambiwe kwamba kimetengenezwa kwa unga. Chuma huyeyushwa, hupulizwa kikawa unga, halafu unga ule hukandamizwa ndani ya moto mpaka ukashikana. Ndani yake mna chembe za madini ya vanadi, ngumu mno. Na kutu hakishiki."

"Sisi unga twapikia mikate," nikaliambia birika, "wenzetu wapikia visu. Kila nyumba na hamira yake."

Nyuma ya pazia binti yangu akacheka, kisha akaguna, maana mzazi akicheka nyonga humkumbusha. "Mama, asema hiki hakihitaji kunolewa mara kwa mara."

"Kama mume asiyehitaji kula. Hata hao niliahidiwa."

Mkwe akainama akakipangusa kisu ambacho hakikuwa na vumbi.

Lakini sikuvikataa. Mbuzi alikuwa njiani na jirani alikuwa ana panga. Nikamwambia binti yangu amwambie mumewe aviache, nivichague kwa njia yangu. Alipokwisha kuondoka nikakata ndimu, nikaikamulia kwenye chumvi ya mawe, nikavipaka vyote vitatu pande zote mbili, nikavianika juu ya ukuta wa uani kwenye upepo wa bahari tangu alasiri hadi asubuhi. Hapa kwetu hewa yenyewe yala. Bawaba zaliwa, mabati yaliwa, sufuria isiyo na asili nzuri huoza ikiwa imeangikwa. Mama yangu alichagua vyombo vyake vyote kwa ndimu na chumvi, na laiti ingewezekana angewachagua wakwe zake vivyo hivyo.

Asubuhi mkwe alikuja na maandazi. Akasema shikamoo, akauona ukuta, maandazi yakabaki mkononi.

Kile cha mitambo, kigumu kupita vyote, kilikuwa kimeingia madoadoa kama ganda la ndizi mbivu. Akakichukua, akakigeuza, akakigeuza tena. Mwisho akasema na pazia, kwa sauti ya mtu aliye matangani:

"Hicho nilikuwa bado sijakitumia."

"Mwambie sasa kimetumika," nikasema.

"Mama," binti yangu akaniambia kwa sauti ya kunikanya.

"Mimi nimesemaje? Aliniambia nichague. Hicho nimekiacha."

Kile laini kilitoka kisafi. Nikakijaribu kwenye kongoro la ng'ombe nililonunua makusudi, kwa kuwa kano za kongoro ni ngumu, mwenye kukata kongoro atakata mbuzi. Kilianza kwa mbwembwe. Kufika katikati kilikuwa chakwaruza tu, kama mzee atafunaye muwa. Ningeweza kukinoa, nikaendelea, nikakinoa tena, lakini mbuzi mzima na wageni wakingoja, ningekuwa mnoaji kuliko mkataji. Nikakirudisha kwenye taulo, kiwe cha kukatia matunda.

Kikabaki cha unga. Kwenye ndimu hakikuwa na hata doa. Niliona haya kidogo kwa yale ya hamira, nikayameza.

Lakini cha unga nacho kilikuwa na maringo yake. Mkwe alikuwa amekinoa mpaka kinang'aa kama kioo, na kunionyesha makali akanyoa malaika ya mkono wake, pah, mkono ukabaki kama wa kuku aliyenyonyolewa. Nikauambia ukuta kwamba mtoto ana kinyozi wake, mimi natafuta kisu cha kukatia ukano. Na kweli, kwenye kongoro kiliteleza. Nyama ilikatika kama siagi, ukano ukakitazama. Makali ya kioo hayana meno. Ukano huukata kwa kuukwangua, wataka meno madogo usiyoyaona kwa jicho ila wayasikia ukipitisha kidole gumba kwa upande.

Nikasema hilo ni dogo, hilo nalijua. Nikaenda kwenye kinoo changu kando ya kisima, nikakimwagia maji, nikaanza kunoa. Nikanoa mpaka bega likalia. Nikatazama makali: vile vile. Nikatazama kinoo: kimechimbika. Kinoo kilichokula visu vya mama yangu na vyangu, leo kimeliwa na kisu cha unga. Nikakaa chini. Na jirani, ambaye ukuta wake una tundu, akauliza kutoka upande wa pili:

"Shoga, wanoa kisu ama wanoa jiwe?"

Siku hiyo hiyo mbuzi aliletwa kutoka Matsangoni, beberu mweupe mwenye dharau, akafungwa uani. Mkwe akaja alasiri, binti yangu akamweleza habari za kinoo, naye akaeleza kwa upole, na upole wa mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo huchoma kuliko matusi. Zile chembe za vanadi ni ngumu kuliko mchanga wa kinoo. Jiwe langu lilikuwa likikipapasa tu. Chuma hicho hunolewa kwa almasi.

"Almasi," nikaliambia birika. "Watu huivaa kidoleni."

Akatoa kibamba kidogo kilichopakwa unga wa almasi, upande mmoja mlaini, upande mmoja wa kukwaruza kama ulimi wa paka. Akachutama hapo hapo uani, mbele ya mbuzi, akaanza kunoa.

Hapo nilikaribia kuivunja ada nimsemeze mwenyewe. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama atakayechinjwa, na ingawa hicho si cha kumchinjia, mbuzi atajuaje? Nikamwendea mbuzi nikamwambia: "Usitazame, mwanangu. Huyu ni mtu wa majokofu, nyama zake zote huzikuta zimekwisha kufa." Mkwe akasimama, ameona haya hadi masikioni. Nikatundika leso kwenye kamba kati ya kisu na mbuzi, na mambo yakawa ya adabu, ila mbuzi akaanza kuila leso.

Binti yangu akasogezewa kiti nyuma ya mlango wa chumba, akawa daraja. Tukanoa watatu.

"Mwambie mumeo atumie upande wa ulimi wa paka, asiende kwenye ule mlaini."

"Amesikia, mama."

"Mwambie akilaza kisu hivyo makali yatakuwa kama karatasi. Kiungoni kisu hupinduka. Akiinue kidogo, makali yawe na mgongo."

Mkwe akaacha kunoa. Akamwambia mkewe, "Mama asema kweli. Chuma kigumu hakipendi kupindwa, kikiwa chembamba kitameguka. Nitakiinua. Lakini mama naye aambiwe: hata kikiinuliwa, asikitumie kama mtaimbo. Kwa kukata ni hodari, kwa kubenua hakifai. Kikimeguka, kipande kitabaki ndani ya mfupa."

"Mwambie nimekata mbuzi kabla babake hajaota meno."

"Amesikia, mama."

Akanoa. Mara upande huu, mara upande huu, akipunguza mkono kila mara, hata sauti ya chuma ikawa kama mtu anyamazishaye mtoto. Akakiweka juu ya kinoo changu kilichochimbika, akarudi nyuma. Nikakichukua, nikapitisha kidole gumba. Meno yalikuwepo. Nikakata ukano wa kongoro, ukakatika bila kubishana. Sikusema kitu, na katika nyumba yangu hiyo ni sifa.

Siku ya saba mtoto akanyolewa, akapewa jina, akalia hadi watu wa Kilifi wakasikia. Mbuzi alichinjwa na mwalimu wa madrasa kwa kisu chake mwenyewe, nje, akachunwa, akaletwa uani kwangu juu ya majani ya mgomba. Wanawake wamekaa, sufuria ziko motoni. Jirani amejiweka mbele kabisa na panga mapajani, kama mtu aliyeletewa mwaliko.

"Mimi nimekuja kukuombea dua tu," akasema.

"Dua ya panga ndiyo hupokelewa," nikajibu, nikaanza.

Mikono ya mbele ilifunguka kama vishikizo vya kanzu. Shingo, pingili kwa pingili. Kisu chenye kiuno kilikuwa na uchafu wake, mafuta yalijaa kwenye kiuno na kila mara ilinibidi nikisuuze, jambo ambalo kisu cha mtu mzima hakihitaji. Lakini makali hayakulegea. Nilisikia kiungo kabla ya kukiona. Uti wa mgongo ukashuka vipande vizima, na wanawake wakaacha kuzungumza ili watazame.

Kilicholegea ni mimi. Nilipofika kwenye nyonga ya kushoto vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nyonga ina ukano katikati, ndani ya kikombe cha mfupa, hauonekani mpaka mguu uvutwe nje ukiwa umetanuliwa. Nikauvuta kwa mkono wa kushoto, haukuja. Nikauvuta tena. Jasho likaniingia machoni.

"Shoga," jirani akasema, na sasa hakuwa akitania, "hapo hapana aibu. Panga moja tu, mfupa mmoja. Nani atajua?"

Mguu wa kushoto. Angesema mfupa mwingine wowote ningemjibu.

Mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na kibamba chake cha almasi mkononi, kama mkunga asiyeitwa, tayari kunoa ikibidi. Nikauambia ukuta: "Laiti ningepata mtu wa kuuvuta mguu huu."

Ukuta ulisikia. Wiki nzima kijana yule amesikia kila nililosema na birika, kuku na mbuzi, leo akatazama chini kwa heshima kubwa. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akatazama chini zaidi. Binti yangu alikuwa ndani, mzazi haletwi kwenye moshi, na daraja halikuwepo. Nikatia ncha ya kisu kwenye kikombe cha nyonga, nikaanza kubenua.

"Mama, usikibenue," mkwe akasema.

Alinisemesha mimi, na macho yake yalikuwa kwangu, au kwenye kisu, sina hakika.

Nikakitoa kisu. Nikamtazama. "Basi wewe njoo hapa uvute," nikasema. "Ushike juu ya goti. Usiuzungushe."

"Nivute vipi, mama?"

"Kama mlango wa jokofu lililokwama. Huko si ndiko kwenu?"

Akachutama, akauvuta mguu polepole kwa nje. Kikombe kikafunguka, nikauona ukano, mweupe, mnene kama kidole cha mtoto. Nikaupitishia kisu mara moja. Nyonga ikatoka nzima, duara, yang'aa.

"Na ule mwingine," nikamwambia, kwa kuwa alitaka kuinuka.

Watu wakala. Mifupa ikarudi kwenye sinia langu, maana nilikuwa nimewaonya kwamba atakayetafuna mfupa nitamtafuna yeye. Jirani akajitolea kuikagua, hakuombwa. Akageuza mmoja mmoja kwenye mwanga, akiupitishia ukucha, mpaka sinia likaisha. Alikunja uso kama mtu aliyetafuta upele kwa mwenziwe asiuone.

"Mungu amekusitiri," akasema.

"Na mkwe wangu," nikasema, akiwa yuko pale, naye asijue aweke wapi macho.

Mifupa tuliifunga kwenye kitambaa cheupe, naye akachimba shimo kwenye pembe ya uani, refu kupita haja, kama azikaye tajiri. Alipokwisha kufukia akabaki na jembe mkononi.

"Mama," akasema, taratibu, "sasa mguu utakuwaje?"

Ningeweza kumwambia la kumfurahisha. Wako watu kazi yao ndiyo hiyo.

"Mguu Jumatatu unakwenda kufungwa plasta," nikamwambia, "na kila Jumatatu nyingine mpaka daktari achoke. Utampeleka wewe, magoti yangu hayapandi ngazi za kliniki. Hii mifupa tumemfanyia heshima yake, sasa ile kazi ndiyo imebaki."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa.

Mimi nikaingia chumbani. Binti yangu alikuwa amesinzia. Nikamchukua mtoto, nikamtia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikauosha ule mguu wa kushoto polepole, kidole kwa kidole, na pale kwenye mkunjo wa ndani panapofichika uchafu, kwa kuwa plasta ikishafungwa hautaoshwa tena mpaka wiki itimie. Akanipiga teke nao. Lilikuwa teke la kuuma.